Kabla ya kuuliza bei ya laptopu, uliza kilichochomelewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuongee na wasomaji wa Mwanza na Kanda ya Ziwa kuhusu ununuzi wa laptopu. Sisi ni mafundi wa kompyuta hapa mjini. Tunaandika kwa sababu fedha nyingi za wazazi na wanafunzi zinapotea kwa makosa ambayo yangegundulika dukani, ndani ya dakika ishirini, kabla noti hazijahesabiwa.

Bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likitoka kwenye vyuo vya SAUT, Bugando au CBE, na fedha za pamba au dagaa zikimfikia mzazi wa Magu, Sengerema au Ukerewe, swali la kwanza dukani huwa "shilingi ngapi?" na la pili "ni Core i ngapi?" Ni maswali halali, ila yanakuja mapema mno. La kutangulia ni hili: ndani ya mashine hii ni kipi kinachoweza kubadilishwa, na kipi kimechomelewa kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani) hadi mwisho wa maisha yake? Jibu la swali hilo ndilo linalosema kama bei unayotajiwa ni ndogo au kubwa.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, haina marekebisho. Zamani baadhi ya laptopu zilikuwa na soketi, prosesa ikachomolewa na kuwekwa nyingine. Kwa Intel, kampuni inayotengeneza prosesa za Core i, mambo hayo yaliishia kizazi cha 4. Tangu hapo, ukiondoa mashine chache nzito zilizotiwa prosesa za kompyuta za mezani, prosesa imechomelewa kwenye bodi, na kadi ya picha karibu kila mara iko hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekuambia "chukua hii, prosesa utabadilisha baadaye" ama hajui anachouza ama anajua na hakutakii mema.

Na kibandiko cha i7 peke yake hakitoshi. Soma namba nzima. Prosesa ya i7-7500U ni ya kizazi cha 7 na ina viini (sehemu za kufanyia kazi) viwili tu. Ile ya i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ni ya kizazi cha 8 na ina viini vinne. Ukifungua Excel yenye mahesabu mazito, kivinjari chenye kurasa kumi na tano na mkutano wa video kwa pamoja, i5 hiyo itaiacha mbali i7 ile, na mara nyingi mezani i7 ndiyo inayotajiwa bei ya juu. Mawinga wanajua kwamba mteja anasikiliza neno i7 na haangalii tarakimu zinazofuata. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 8250 ni cha 8, 6300 ni cha 6; namba ikianza na 1, kama 1135G7 au 12450H, tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani 11 na 12.

Herufi nayo ina kazi yake. U ni prosesa ya umeme mdogo, kwa kawaida wati 15, na chaja yake huwa ya wati 45 au 65. H ni ya nguvu, wati 45 na kuendelea, na mashine zake, hasa zenye kadi ya picha, huja na chaja za wati 135 hadi 230. Hili lina maana kubwa kwa mtu wa visiwa vya Ukara au Kome anayetegemea sola. Mashine ya H itamaliza betri ya sola kabla kazi haijaisha, wakati ya U, kama inachaji kwa USB-C, inaweza kuchajiwa hata kwa chaja ya gari ya volti 12 yenye mlango wa USB-C wa wati 65. Mhariri wa video za harusi aliyeko Nyakato na umeme wa TANESCO anahitaji H. Mwalimu wa kisiwani hahitaji.

Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, kuna mtego unaowapata hata watu wanaojiona wajuzi. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kwa sababu inaanza na 7, lakini tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja umri wa muundo wa ndani. Ikiwa 2, ni Zen 2, muundo ulioanza mwaka 2019. Ryzen 5 7530U ni Zen 3, na ina viini sita dhidi ya vinne vya mwenzake. Tofauti ya tarakimu moja kwenye kibandiko, tofauti kubwa kwenye kazi.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8 cha Intel. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha 8 kwenda juu (kwa laptopu za AMD ni Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu), pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za kizazi cha 6 na cha 7, na mafundi wengi wanazitumia, lakini mteja aambiwe kwamba Microsoft haiahidi sasisho kwa mashine ya namna hiyo. Anayetaka kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni tu anaweza kuchukua kizazi cha 6 kwa bei ya chini na kuweka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure, badala ya Windows, akakaa vizuri. Mwenye programu ya uhasibu inayodai Windows asijiingize huko.

Tuje kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia ikiwa kazini, maana hapa ndipo machozi yalipo.

RAM ya laptopu huja kwa namna mbili. Kuna ya kipande kinachochomekwa kwenye sloti, na kuna ya chipu zilizochomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye maelezo ya kiwanda ukiona LPDDR4X, LPDDR5 au LPDDR5X, jua karibu kila mara imechomelewa. Ukiona DDR4 au DDR5 bila herufi LP, kuna uwezekano mkubwa wa sloti, lakini bado hakikisha, kwa sababu baadhi ya viwanda huchomelea nusu na kuacha sloti moja. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 na zote zilizofuata zina RAM iliyofungwa pamoja na prosesa, na hifadhi yake nayo imechomelewa. Prosesa za Intel Core Ultra za mfululizo wa 200V, zilizotoka mwaka 2024, nazo zina RAM ndani ya kifurushi kimoja na prosesa.

Wala usiamini jina la familia. ThinkPad T480 ya Lenovo ina sloti mbili. T480s, yenye herufi moja tu ya ziada, ina RAM iliyochomelewa na sloti moja. X1 Carbon haina sloti kabisa. T490 iliyofuata ilirudi kwenye mtindo wa nusu kwa nusu. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490, ambazo ni za rika moja na T480, zina sloti mbili mbili. Lenovo IdeaPad nyingi za bei ya kati zina GB 4 au 8 zilizochomelewa na sloti moja, wakati IdeaPad 1 yenye ile Ryzen 5 7520U haina sloti. Mashine hizi zikipangwa kwenye rafu moja, kwa macho ya nje hakuna atakayejua.

Namna ya kujua bila bisibisi ni hii. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke. Nenda Performance, kisha Memory. Chini kulia kuna mistari miwili ya kusoma. "Slots used" inakuonyesha sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. "Form factor" ikiandika SODIMM, RAM ni ya kuchomeka. Ikiandika "Row of chips", imechomelewa. Wakati mwingine BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, hutoa taarifa isiyo sahihi juu ya idadi ya sloti, hivyo kama unaweka fedha nyingi, chukua namba ya mashine iliyo chini yake, ingiza kwenye tovuti ya kiwanda, usome maelezo ya modeli yenyewe. Ni kazi ya dakika tatu na bando la intaneti lisilofika hata MB 20.

Kiasi gani kinatosha? Kwa Word, PDF, barua pepe na kivinjari, GB 8 ndicho kiwango cha chini kwa Windows 11 leo. Microsoft inasema GB 4, na mashine itawaka kweli, lakini ukifungua kivinjari na Word pamoja itaanza kuhamishia kazi kwenye diski na utasubiri. Kwa SPSS yenye data kubwa, AutoCAD, ArchiCAD na picha za studio, nenda GB 16. Video za 4K zinataka 32. Na kama mashine haina kadi ya picha ya peke yake, ikategemea ile ya ndani ya prosesa, vipande viwili vya GB 8 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja na picha zinapata upana zaidi.

Wakati wa kuongeza, vizazi vya RAM havichanganyiki: kipande cha DDR4 hakiingii kwenye sloti ya DDR5, kijino chake kiko mahali tofauti, na anayekilazimisha anavunja sloti. Ndani ya kizazi kimoja, ukichanganya kasi mbili vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Kipande cha DDR4-3200 kwenye mashine ya U ya kizazi cha 8 kitakwenda 2400, hakidhuru kitu, ila usikilipie zaidi kwa ajili ya kasi ambayo hutaipata. Chomoa chaja na uzime betri ya ndani kwanza. ThinkPad zina kipengele cha kuizima ndani ya BIOS, na kwenye mashine nyingine chomoa plagi ya betri kwenye bodi mara tu mfuniko unapotoka. Ingiza kipande kikiwa kimeinama kama nyuzi 30, kisukume mpaka meno ya dhahabu yazame, kisha kikandamize vibanio vya pembeni vishike vyenyewe. Baada ya hapo mashine inaweza kukaa na kioo cheusi dakika nzima au zaidi, hasa ya DDR5, kwa sababu inaipima RAM mpya. Watu hushtuka na kukata umeme katikati. Subiri dakika tano. Isipowaka, toa vyote, safisha meno kwa kifutio cha penseli, jaribu kimoja kimoja.

Sasa kuna jambo ambalo limebadilisha hesabu yote hii, na tunaona wauzaji na wanunuzi wengi hawajalizingatia. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani. Watengenezaji wakubwa wa chipu hizo ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wanaelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba, hivyo RAM za kawaida zinapungua sokoni. SSD, yaani hifadhi za chipu zisizo na diski ya kuzunguka, nazo zimevutwa juu. Ushauri wa zamani ulikuwa: nunua mashine yenye RAM ndogo kwa bei nafuu, utaongeza mwenyewe. Leo ushauri huo unaweza kukutia hasara. Kabla ya kuifurahia sloti tupu, uliza bei ya kipande cha kuijaza siku hiyo hiyo. Mara nyingine mashine ya mtumba ambayo tayari ina GB 16 ndani inauzwa kwa ziada ndogo kuliko bei ya kipande chenyewe, kwa sababu muuzaji alipanga bei yake kabla RAM haijapanda. Hiyo ichukue.

Tufanye hesabu, na namba hizi ni za mfano tu, si bei ya duka lolote. Mashine ya kwanza inatajwa 650,000, ina GB 8 zilizochomelewa bila sloti, betri nzuri. Ya pili ni 550,000, ina GB 8 kwenye sloti moja na sloti ya pili tupu, ila betri yake imechoka. Betri tuiweke 90,000 na RAM ya GB 8 tuiweke 110,000. Ukibadilisha betri tu, ya pili inafika 640,000, karibu sawa na ya kwanza, na sloti bado iko wazi kwa mwaka wa tatu wa chuo. Ukiongeza na RAM inafika 750,000 ikiwa na GB 16, kiwango ambacho ya kwanza haitakifikia kwa fedha yoyote. Lakini kama kazi yako ni ya kuandika na utaiuza mashine ukimaliza diploma, ya kwanza haina ubaya wowote, na pengine ni nyepesi begani. Uwezo wa kuongeza una thamani kwa atakayeutumia. Mwenye X1 Carbon ya GB 16 zilizochomelewa amelala salama kuliko mwenye sloti mbili na GB 4 ambaye hatapata fedha ya kuzijaza.

Kuhusu hifadhi hatutasema mengi, maana karibu kila mtu ameshasikia kwamba SSD ni ya lazima. Diski ya kuzunguka husoma kwa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha, kama 550, na za njia mpya ya NVMe, zile za kawaida za PCIe 3.0, hufika hata 3,500. Mruko unaouona kwa macho ni ule wa kwanza, kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ya aina yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe, mwandishi wa barua hataona tofauti, mhariri wa video ataiona. Angalia tu kwamba M.2 ni jina la umbo la SSD nyembamba, na umbo hilo moja linabeba lugha mbili, SATA na NVMe. Kipande chenye mapengo mawili kwenye meno kwa kawaida ni SATA, chenye pengo moja ni NVMe, na si kila sloti inakubali vyote. Pima na urefu: 2280 ni milimita 80, 2242 ni 42, 2230 ni 30.

Kitu cha kukimbia kabisa ni eMMC. Hii ni hifadhi iliyochomelewa, mara nyingi GB 64, inayokuja kwenye laptopu mpya za bei ya chini zenye Celeron N4020 ya viini viwili na RAM ya GB 4 iliyochomelewa. Boksi linang'aa, chaja iko kwenye nailoni, na bei yake inalingana na mtumba mzuri wa ofisini. Windows inakula karibu nusu ya nafasi hiyo, na sasisho kubwa likija halina pa kukaa, linakwama katikati, mashine inakuwa nzito mpaka mwenyewe anadhani ni virusi. Hakuna fundi anayeweza kuisaidia, kwa kuwa kila kitu kimefungwa. Nyingine huja na Windows ya S mode, inayokataa programu zisizotoka kwenye duka la Microsoft. Hiyo inaondolewa bure kwenye mipangilio, msilipe mtu. Tunasema bila kumung'unya: kwa fedha ileile, mtumba wa ofisini wa kizazi cha 8 wenye sloti mbili unaishinda mashine hiyo mpya kwa kila kitu isipokuwa umri wa betri.

Lakini mtumba unataka ukaguzi, tena bila haraka. Ingia BIOS kwanza, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri, iache dukani. Ndani, angalia kama namba ya mashine inafanana na ya kibandiko, na kama kipengele cha Absolute, zamani kikiitwa Computrace, kimewashwa. Hicho ni mfumo wa kampuni kufuatilia mali zake. Kisha mwombe muuzaji airudishe Windows mwanzo kabisa mbele yako, ukiiunganisha na intaneti ya simu yako wakati wa kuiandaa. Kama mashine bado imesajiliwa kwa kampuni ya nje, jina la kampuni litajitokeza na kudai akaunti ya mfanyakazi. Wauzaji huandaa Windows bila intaneti, kwa hiyo tatizo hili linajificha hadi siku utakapoirudisha mwanzo mwenyewe, na siku hiyo muuzaji hapokei simu.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili inayotajwa. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Kama ya kiwanda ni 50,000 na ya sasa ni 28,000, imebaki asilimia 56, basi bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine. Kwa SSD tumia programu ya CrystalDiskInfo, usome asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, jaribu kila mlango kwa flashi, fungua kioo kwa kushika pembe moja na usikilize bawaba. Kwenye mashine za plastiki nyepesi, bawaba hushikwa na vikombe vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Ikishalia leo, mwezi ujao vikombe vinang'oka na kioo kinaachia kasha. Kioo chenyewe kinabadilishika kuliko watu wanavyodhani. Mashine iliyokuja na kioo hafifu cha 1366 kwa 768 mara nyingi inakubali cha 1920 kwa 1080 cha pini 30, ila zile za kugusa nyingi zinataka pini 40, na waya ni tofauti.

Ukichukua T480 au ndugu zake wa miaka 2017 hadi 2019, weka sasisho la programu ya ndani ya mlango wa Thunderbolt kabla ya kitu kingine. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kosa linaloweza kuua mlango wa USB-C usichaji tena, na Lenovo yenyewe ilitoa sasisho la kulirekebisha.

Chaja nayo ni sehemu ya mashine. Dell na HP zenye plagi ya duara zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja. Chaja ya kuigiza, au waya uliokatika kwa ndani, ukikosa kuzungumza na mashine, Dell inatoa ujumbe kwamba haiitambui chaja, inakataa kuchaji betri na kuishusha kasi ya prosesa makusudi. Mwenye mashine anakuja akiomba aongezewe RAM, kumbe tatizo lote ni waya. Kabla ya kununua chochote cha kuongeza kasi, jaribu chaja nyingine halisi.

Halafu kuna ziwa. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mvua nyingi za ziwani hupiga usiku hadi asubuhi, wakati ambao laptopu nyingi zimeachwa kwenye chaja. Chomoa ukilala, na kama kuna waya wa mtandao uliochomekwa, nao uchomoe, kwa sababu radi hupita hata huko. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga wa kioo, na feni ikiwa inavuta wanaingia ndani, wanashikana na vumbi kwenye mapezi ya shaba na kutengeneza kitu kama blanketi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inapunguza kasi ili isiungue, na mtu anaona mashine ya H aliyoinunua kwa gharama inazidiwa na ya U ya jirani. Kwa wanaoishi Kirumba, Igombe au visiwani, feni isafishwe kila miezi sita na grisi ya prosesa ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ndiyo maana, unaponunua, uliza pia mfuniko wa chini unafunguka kwa skrubu ngapi. Mashine ambayo mfuniko wake unatoka kwa skrubu sita itasafishwa. Ile ambayo lazima kibodi ing'olewe kwanza haitasafishwa hadi ife. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, na kwa mtu wa pwani ya ziwa hiyo ni faida ya kweli, mradi uchague RAM na hifadhi ya kutosha siku ya kwanza.

Tuna maombi matatu. Wauzaji wa Makoroboi, barabara ya Nyerere na kwingineko, andikeni kwenye kila mashine namba nzima ya prosesa, RAM ni ya sloti au imechomelewa na sloti ngapi ziko wazi, na hifadhi ni ya aina gani. Kikaratasi kimoja kinatosha, na risiti ya EFD iandikwe modeli na namba ya mashine badala ya neno "laptop" tupu, ili dhamana iwe na kitu cha kushika. Maofisa ununuzi wa shule, hospitali na vyama vya ushirika, kwenye zabuni zenu ongezeni mstari mmoja unaosema "RAM ya kuchomeka, angalau sloti moja wazi au GB 16 tangu mwanzo", maana kuandika "Core i5, 8GB" peke yake kunamruhusu mzabuni alete chochote. Na kwako Mhariri, matangazo ya laptopu yanayoletwa kwenye gazeti lako yakiwa na picha na bei tu, tunaomba dawati la matangazo limwombe mwenye tangazo aongeze namba ya prosesa na aina ya RAM kabla halijachapwa. Ni maneno yasiyozidi kumi.

Mafundi wa kompyuta,
Makoroboi, Mwanza.